Hoya yangu ina miaka minne kwangu, mbona haichanui?

Msomaji wetu wa Tororo anauliza: “Shikamoo Mwalimu. Miaka minne iliyopita jirani yangu alihamia Gulu akaniachia mmea wake wa kutambaa unaoitwa hoya. Kwake ulikaa barazani, na ukichanua, jioni harufu yake ilivuka uzio ikaingia mpaka sebuleni kwangu. Tangu uwe wangu haujatoa hata ua moja. Nimeuhamishia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, nikatia udongo mweusi wa shambani na samadi ya kuku, nikauweka sebuleni kando ya televisheni. Naumwagilia kila asubuhi. Nilikata vijiti vilivyokauka na zile kamba ndefu zisizo na majani ili upendeze. Sasa majani ya chini yanageuka manjano na ya juu yamejikunja kwa makunyanzi. Nimezidisha maji, hakuna nafuu. Shemeji anasema hii ni asumini ya Madagaska na haikai Uganda. Ni kweli? Na je, nitapata maua kabla ya harusi ya mdogo wangu mwezi wa 12? Familia ya baba yetu ni watu wa Mombasa, natamani yawemo kwenye kikuba chake. Mama Shamim.”

Marahaba, Mama Shamim. Barua yako imenikuta Septemba inaanza, kwa hiyo nianze na lisiloweza kusubiri. Leo usimwagilie. Kesho pia usimwagilie. Mmea wako hauna kiu, mizizi yake inaoza.

Najua macho yanakuambia vingine. Jani lililosinyaa linaomba maji, ndivyo tulivyozoea kwa sukuma wiki na nyanya. Lakini hoya iliyokaukiwa na hoya iliyooza mizizi zinafanana kabisa usoni, kwa sababu zote mbili majani hayapati maji: ya kwanza maji hayapo, ya pili maji yapo tele ila mizizi ya kuyanywa imekufa. Jibu liko chini, si juu. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta umekauka na majani yamesinyaa, hiyo ni kiu. Ukikuta umelowa na majani yamesinyaa, hiyo ni mizizi. Na mtu anayemwagilia kila asubuhi kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo mweusi hawezi kukuta umekauka.

Kwa hiyo Jumamosi, ukipata nafasi, tandika gunia barazani ulaze ndoo ubavu. Usivute shina. Gonga ndoo pande zote, udongo utoke wenyewe, kisha upukute taratibu kwa vidole. Chota maji kwenye beseni uoshe mizizi mpaka uione vizuri. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu, na ukiubana unakaza. Uliooza ni wa kahawia iliyokolea, unateleza, na ukiuvuta ganda lake linachomoka likakuachia uzi mwembamba mkononi, kama unavyovua ngozi ya maharage yaliyochemka. Huo uzi ukishauona, usibaki na shaka. Kata mzizi wote huo mpaka ufike penye uzima, kwa wembe uliofutwa na spiriti. Usiogope ukibaki na mizizi kidogo. Hoya yenye mizizi mitano mizima ina maisha marefu kuliko yenye mizizi hamsini iliyooza.

Ukikata utaona utomvu mweupe kama maziwa. Ni wa kawaida. Ukoo wake mzima una utomvu huo: franjipani za kwenye nyua zetu, na oleanda ile yenye maua ya waridi tunayoipanda kando ya barabara. Oleanda ni sumu, kila sehemu yake, na watu wakisikia undugu huo huogopa. Hoya yenyewe haihesabiwi kuwa na sumu, hata paka akitafuna jani. Ila utomvu unaweza kuwasha ngozi, na usiuguse kisha ukapangusa macho. Osha mikono, inatosha.

Baada ya kukata, uache mmea kivulini siku nzima bila kuupanda, vidonda vikauke. Ndiyo, mizizi ikiwa wazi. Utauona kama unaonewa, lakini haudhuriki, na nikikueleza unatoka wapi utaelewa kwa nini.

Ukisafiri kutoka Tororo kwenda Kampala, baada ya Jinja barabara inapita katikati ya msitu wa Mabira. Safari ijayo usilale hapo. Tazama juu, kwenye mapanda ya miti mikubwa, utaona makangaga yenye majani mapana kama masikio ya tembo yameshikilia gome, na okidi zimejibana kwenye matawi. Hayana udongo hata kiganja. Yanaishi kwa majani makavu yaliyonasa kwenye panda, kinyesi cha ndege, na mvua inayopita ikaenda zake. Hoya haitoki Afrika. Hii ya kwako, kwa jinsi unavyoieleza, ni Hoya carnosa, ambayo kwao ni kusini mwa China, Taiwan na nchi za jirani. Lakini maisha yake ya porini ni kama ya hao wa Mabira: hupanda miti na miamba, mizizi yake hushika gome, hulowa mvua ikinyesha na kupata hewa mara mvua ikikatika. Mizizi ya namna hiyo inahitaji kupumua. Ukiizika kwenye udongo mweusi ulioshikana, mzito, wenye maji muda wote, umeifunga pumzi.

Nayo majani yake ni ghala. Yashike uone yalivyo manene. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ukaa, na kupitia vitundu hivyo hivyo jua likanyonya maji yake. Hoya hii hufungua usiku, kwenye ubaridi, kama afanyavyo nanasi. Ndiyo maana inaweza kukaa siku nyingi bila maji na isife, na ndiyo maana ndoo yako ilikuwa inajaa kuliko mmea ulivyoweza kunywa.

Sasa chungu. Hapa watu wengi hukosea kwa wema, maana wanadhani nyumba kubwa ni raha. Chukua chungu cha udongo wa kuchoma chenye upana wa sentimita 12 mpaka 15, kisichozidi, na kitobo cha chini kiwe wazi. Mizizi ikikijaza, vizuri sana, usikimbilie kuihamisha. Hoya iliyobanwa kidogo ndiyo inayochanua, na inaweza kukaa kwenye chungu kimoja miaka mitatu minne bila kuguswa. Kwenye chungu kikubwa, udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji, nayo maji yale ndiyo yaozayo mizizi. Ndoo panda nyanya.

Mchanganyiko wa kupandia haununuliwi dukani, unao hapo hapo Tororo. Mimi natumia kopo moja la nido kuwa kipimo. Makopo mawili ya vipande vya makaa, vya ukubwa wa njugu mpaka wa haragwe, vile vinavyobaki chini ya gunia. Chekecha vumbi lake utoe. Kopo moja la matofali ya kuchoma yaliyopondwa ukubwa huo huo. Kopo moja la maganda ya kahawa ya zamani, yaliyokwisha kuwa meusi. Kwa hayo maganda uliza kwenye viwanda vya kukoboa kahawa upande wa Mbale, wanakupa gunia kwa bei ndogo. Ila usitumie mapya, kwa sababu yakianza kuoza hutoa joto. Na kopo moja la mboji ya majani iliyopevuka. Makaa nayo yawe makaa, si majivu. Majivu huugeuza mchanganyiko kuwa wa magadi na hoya haiupendi.

Panda bila kushindilia. Gonga chungu mara mbili tatu chini, mchanganyiko ujipange wenyewe. Kisha kaa siku nne tano kabla ya kumwagilia kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ratiba ya kila asubuhi ife kabisa. Jifunze kunyanyua chungu: kikiwa kimelowa kizito, kikikauka unakinyanyua kwa vidole viwili. Na ujifunze jani. Chagua jani pana la katikati, ulikunje polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Likikataa kukunjika, lina maji, ondoka. Likianza kulegea kama ukosi wa shati usiopigwa pasi, mwagilia mpaka maji yatoke chini, uyaache yachuruzike yote. Kwa hali ya kwako huenda ikawa kila siku saba mpaka kumi, lakini usishike siku, shika jani. Maji ya mvua ndiyo bora, na mvua za Tororo msimu huu zitakujazia pipa.

Ukikuta mizizi yote imekwenda, bado hujapoteza mmea. Kata vipande vya shina vyenye vifundo viwili, yaani pale majani yanapoota, majani mawili ya juu yabaki na ya chini yatoke, osha utomvu, uchomeke kwenye mchanganyiko ule ule ukiwa na unyevu, ufunike kwa mfuko mweupe wa plastiki unaopitisha mwanga. Weka pasipofikiwa na jua kali. Wiki nne mpaka sita utavuta kidogo na kuhisi kimeshika. Nakushauri ufanye hivyo hata mizizi ikiwa imesalia, vipande viwili tu, viwe akiba.

Nikiwa bado hapo kwenye vipande, niseme jambo linaloniuma kila nikipita kwenye vitalu vya kando ya barabara. Kuna hoya nyingine yenye majani ya umbo la kopa, Hoya kerrii, na watu huuziwa jani moja limechomekwa kwenye kikombe, zawadi ya wapendanao. Jani hilo litatoa mizizi na kukaa kijani miaka, lakini kama halikukatwa pamoja na kifundo cha shina, halitachipua kamwe. Kifundo ndicho chenye jicho. Ukinunua, hakikisha unaona shina.

Haya, uhai tumeuokoa. Sasa maua, ambayo ndiyo uliyoniulizia.

Jirani yako hakuwa na dawa. Alikuwa na baraza. Tofauti ya baraza na kando ya televisheni yako ni kubwa kuliko jicho linavyokubali, kwa sababu jicho la mtu hujirekebisha, likaiona sebule kuwa ina mwanga wa kutosha hata pale ambapo mmea unaishi kama uko jioni siku nzima. Jaribu hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale ulipo mmea, unyooshe kiganja juu yake kama futi moja. Kivuli cha vidole kikionekana kimoja kimoja, mwanga upo. Kikiwa wingu tu, mmea utaishi bila kuchanua. Kisipoonekana, hapo pafaa kuweka saa ya ukutani.

Vitabu na video nyingi utakazoziona zinatoka Ulaya na Marekani, na baadhi zitakuambia dirisha la kusini. Kwao ni sahihi, kwetu ushauri huo haubebeki hivyo hivyo. Tororo iko chini ya digrii moja kaskazini ya mstari wa Ikweta. Jua letu hupita karibu na utosi, na mwaka mzima linayumba: kuelekea Juni linaegemea kaskazini, kuelekea Desemba linaegemea kusini. Kwa hiyo dirisha la kusini hapa linaguswa na jua mwisho wa mwaka, na la kaskazini linaguswa katikati ya mwaka. Upande usiobadilika ni mashariki. Jua la saa moja mpaka saa tatu au nne asubuhi ndilo hoya inalolipenda, limejaa lakini halichomi. Magharibi ni hatari, la saa tisa alasiri linababua majani. Na jambo jingine ambalo vitabu vyao havisemi: wao kiangazi chao kina saa 16 za mchana, sisi tuna saa 12 Januari hadi Desemba. Mmea wako hauna muda wa kufidia giza la sebuleni, kwa hiyo saa ulizonazo ziwe za mwanga kweli.

Rudisha mmea barazani, upande wa mashariki, chini ya paa ili mvua za kishindo zisiufikie. Lakini si siku moja. Umekaa miaka minne gizani, majani yake ni laini, ukiupeleka ghafla yataungua mabaka meupe. Wiki ya kwanza weka mlangoni kwa ndani, ya pili barazani nyuma kabisa, ya tatu mahali pake. Majani yakianza kupata wekundu pembeni au kijani kikapauka kuwa cha manjano, rudi nyuma hatua moja.

Nije kwenye mkasi. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, maana hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na kwenye hili hujakosea peke yako.

Miaka mingi nyuma nilitunza bustani ya nyumba moja Entebbe. Barazani palikuwa na hoya ya zamani, imezunguka nguzo mpaka dari. Wageni walikuwa wanakuja, nikaambiwa niisafishe. Nikapanda ngazi nikakata kila kijiti kikavu kilichoning'inia bila kitu, na kila kamba iliyokuwa imejirusha nje. Ilipendeza sana siku ile. Kisha ukapita mwaka mzima na miezi bila ua hata moja, kwenye mmea ambao kabla ya hapo ulikuwa unachanua mara mbili tatu kwa mwaka. Bibi mwenye nyumba alikuwa na mazoea ya kukaa pale jioni na chai yake, na mimi ndiye niliyemkosesha harufu ile mwaka mzima. Sijasahau.

Vijiti vile si vikavu, Mama Shamim. Ni vikonyo vya maua. Hoya haifanyi kama waridi, linalotoa kikonyo kipya kila likichanua. Hoya hutengeneza kikonyo kifupi, cha urefu wa kidole au pungufu, huchanua nchani mwake, maua yakidondoka kikonyo kinabaki, na msimu ujao maua mapya yanatoka pale pale. Ukikitazama kwa karibu utaona nchani pamejaa vipele vidogo vimepangana kama pete juu ya pete. Kila kipele ni alama ya ua lililokuwepo. Kikonyo cha miaka mingi hurefuka kidogo kidogo na huweza kusomwa kama daftari. Ulipokata vijiti, ulikata madaftari yote ya jirani yako, na mmea ukaanza upya.

Na zile kamba ndefu zisizo na majani? Hizo ni mikono ya mmea. Hoya kwanza hurusha shina tupu, refu, linapapasa hewani likitafuta pa kushika. Likipata, ndipo majani yanajaa, na kwenye mashina hayo yaliyokomaa ndiko vikonyo huota, kando ya vifundo vya majani. Ukikata kamba, umekata mahali ambapo maua ya mwakani yangekaa. Badala ya mkasi, ipe njia. Chomeka fito mbili za mwanzi kwenye chungu, au pinda waya mnene uwe duara kubwa, uzungushe kamba humo ukifuata upande ambao yenyewe imeanza kujizungusha. Ukiizungusha kinyume itajifungua usiku. Mimi napenda duara, kwa sababu shina linabaki usawa wa macho, na vikonyo vikija utaviona.

Kwa mbolea sitakaa sana. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na mbichi inaunguza mizizi, basi iende kwenye mboga. Ukipata NPK ya 17:17:17 inayouzwa kila duka la pembejeo, nusu kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi msimu wa mvua, na kwanza uwe umemwagilia maji matupu. Lakini usianze sasa. Subiri mpaka uone chipukizi jipya, maana mizizi inayougua haili.

Hatuna majira ya baridi, ila kiangazi cha Desemba hadi Februari kitakusaidia kama utakitumia. Punguza maji miezi hiyo, jani lilegee vizuri ndipo unyweshe, na mbolea isimame. Usiku wa Tororo hushuka chini ya nyuzi 20, ubaridi huo ni mzuri kwa hoya hii kuliko joto la pwani. Mvua za Machi zikirudi, ongeza maji tena. Mabadiliko hayo ya ukavu kisha mvua ndiyo yanayouambia mmea kwamba wakati umefika.

Kagua pia kwenye makwapa ya majani. Ukiona pamba nyeupe, hao ni vidung'ata, wafute kwa pamba iliyolowa spiriti, urudie kila wiki mara tatu. Vidukari vya manjano vikija kwenye machipukizi, maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, vinatoka. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, wafuate, watakupeleka penye tatizo.

Kuhusu shemeji: amechanganya mimea miwili ya ukoo mmoja, na si ajabu, hata wauzaji huchanganya. Asumini ya Madagaska ni Stephanotis floribunda, nayo kweli inatoka Madagaska, hupanda na kunukia. Maua yake ni meupe kabisa, marefu kama tarumbeta ndogo, na majani yake ni magumu kama ngozi lakini membamba. Ya hoya ni manene ya nyama, na maua yake yanakuja kama mpira ulioning'inia. Wala si kweli kwamba asumini hiyo ya Madagaska haikai Uganda. Penye baraza na kivuli chepesi inakaa. Na zote mbili si asumini halisi, zinaazima jina kwa ajili ya harufu. Jina la hoya nalo lina historia ninayoipenda: mwaka 1810 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliliita jenasi hili, yaani kundi la hoya zote, kwa heshima ya Thomas Hoy, aliyekuwa mtunza bustani wa Syon House, Uingereza. Hakuliita kwa jina la mfalme, aliliita kwa jina la mtunza bustani.

Sasa nikuandae kwa siku yenyewe, ili ikifika usiiharibu. Kwanza nchani mwa kikonyo utaona vichwa vya ukubwa wa mbegu ya mtama. Vinakua taratibu, wiki kadhaa, mpaka vinakuwa kama vifuko vidogo vyenye pembe tano, vigumu ukivigusa. Kipindi hicho usihamishe chungu wala kukigeuza, na usikiache kikauke kabisa, kwa sababu vichwa hudondoka vyote kwa pamoja. Kisha jioni moja vinafunguka. Kila ua ni nyota ya mikono mitano, nyeupe inayoelekea waridi, ina malaika laini kama mahameli, na katikati yake imekaa nyota nyingine ndogo, inang'aa kama nta, ina wekundu moyoni. Ndiyo maana mimi huliita ua la nta. Yanakuwa ishirini, thelathini, kwenye kikonyo kimoja. Mchana hunusi kitu cha maana. Likizama jua ndipo harufu inaanza, tamu, nzito, mimi hunijia kama asali iliyopashwa moto na kakao nyuma yake. Inawaita nondo, wakitua, vifurushi vya chavua hunasa miguuni mwao wakaenda navyo ua jingine. Tazama saa mbili usiku kwa tochi, utaona katikati ya kila ua tone la maji matamu, limetulia, halijadondoka. Litadondoka baadaye, kwa hiyo usiweke mkeka mzuri chini.

Na tone hilo linanileta kwenye harusi. Mwezi wa 12 hutapata maua, dada. Mmea unaojenga mizizi upya, uliokatwa vikonyo vyote, ukihesabu vizuri nategemea mvua za mwakani, na pengine zile za baada yake. Sitaki ukae unausubiri. Lakini hata ungekuwa umechanua leo, kikuba nisingekushauri. Maji yale yangenata kwenye nguo na nywele za bibi harusi, na ua likishachumwa husinyaa haraka. Kikuba kina maua yake, asumini na mrehani, na asumini inaota vizuri Uganda. Ukipanda mche uliokwisha kuanza kutoa vichwa sasa hivi, juani, ukaumwagilia vizuri, Desemba utachuma za kutosha kikuba kimoja. Tafuta miche mitatu usitegemee mmoja, na uchume vichwa vikiwa vimefumba alasiri ile ile, vifunguke kifuani mwake usiku.

Vile vipande viwili vya hoya nilivyokuambia uvioteshe, kimoja mpe yeye siku akihamia kwake. Mwambie asikate vijiti.